Juni ya Fei Toto, Juni ya Gofu

Wiki ya kwanza ya Juni 2023 hapa Ngamiani, Tanga, ilikuwa na ajenda moja tu. Yanga walikuwa wametoka Algiers bila Kombe la Shirikisho, wamemfunga USM Alger kwake na bado wamelikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Rais Samia akawaita Ikulu, akawapongeza, kisha akawaomba viongozi wao walimalize lile suala la Feisal Salum, Fei Toto, kiungo wao aliyekuwa anataka kuondoka. Hazikupita siku nyingi Yanga wakatangaza kwamba Fei Toto ameuzwa Azam. Barazani kwetu watu waligawanyika mafungu mawili, na muuza kashata, ambaye ni Simba wa kufa, akawa anachochea pande zote mbili huku akiuza.

Mimi Jumanne ya tarehe 6 nilikuwa na habari yangu nyingine. Jay Monahan, kamishna wa PGA Tour, mzunguko mkuu wa gofu ya kulipwa Marekani, alikuwa ameketi kwenye televisheni ya Marekani pamoja na Yasir Al-Rumayyan, bosi wa mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, wakitangaza kwamba ugomvi wao wa gofu umekwisha na sasa watafanya biashara pamoja. Nikaileta habari hiyo barazani. Mjomba akashusha kikombe. "Wee mpwa, watu wanazungumza mpira, wewe unatuletea michezo ya mabalozi."

Haya, ni michezo ya mabalozi. Lakini tangu wakati ule nashikilia kwamba ugomvi wa gofu ni sakata la Fei Toto lililochezwa kwa dola, na kwamba mtu aliyefuatilia lile la kwetu analielewa la kwao vizuri kuliko wachambuzi wengi wenye suti.

Gofu niliijulia Morogoro, sio Tanga. Nilifanya kazi miaka kadhaa karibu na Gymkhana ya pale, na vijana wa rika langu walikuwa makedi, wale wanaobeba mifuko ya fimbo za wenye klabu. Hao ndio walionifundisha kusoma ubao wa matokeo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii wametoka humohumo, kwenye kubeba mifuko ya watu, ndiyo maana wakicheza utawaona wanasoma mteremko wa nyasi kabla hata hawajainama. Kwa hiyo nikisikia gofu ni mchezo wa matajiri huwa nakubali nusu. Wenye kadi za uanachama ni matajiri, ila mchezo wenyewe unajulikana zaidi na wasiokuwa na kadi.

Kwa asiyefuatilia, mambo yalikwenda hivi. Kwa miongo mingi gofu ya kulipwa ya wanaume ilikuwa na mwenyewe mmoja, PGA Tour ya Marekani. Ulaya wana mzunguko wao, ambao huja mpaka Kenya kwa ajili ya Kenya Open, lakini kijana mwenye kipaji, awe wa Ireland au wa Afrika Kusini, mwisho wa safari yake ulikuwa Marekani. Juni 2022 mfuko wa serikali ya Saudia, PIF, ukaanzisha ligi yake, LIV Golf, chini ya Mwaustralia Greg Norman. Shindano la kwanza lilichezwa klabu ya Centurion, nje kidogo ya London. Wachezaji 48, mashimo 54 badala ya 72 yaliyozoeleka, timu za watu wanne wanne, makundi yote yanaanza kwa wakati mmoja kila moja kwenye shimo lake, na zawadi ya jumla dola milioni 25. Charl Schwartzel wa Afrika Kusini aliondoka na dola milioni 4.75 kwa kazi ya siku tatu. Aliyeshika mkia, Mmarekani Andy Ogletree, alilipwa dola 120,000.

Hiyo habari ya mkia ndiyo ilimfanya mjomba aanze kunisikiliza.

Kelele zilizofuata zilikuwa za aina mbili. Za kwanza zilihusu hela ilikotoka: mauaji ya mwandishi Jamal Khashoggi mwaka 2018, hali ya haki za binadamu, na kwa Wamarekani kidonda cha Septemba 11, 2001, kwa kuwa 15 kati ya watekaji 19 walikuwa raia wa Saudia. Hoja hiyo siidharau. Ila ukiileta Tanga, mji ambao karibu kila nyumba ina mtu aliyekwenda hija au binti aliyekwenda kufanya kazi Riyadh, unaulizwa maswali. Newcastle ya Uingereza ilinunuliwa na nani mwaka 2021? Ronaldo alikwenda wapi? Na Juni hiyohiyo ya 2023, si ndipo PIF ilipochukua asilimia 75 ya Al-Nassr, Al-Hilal, Al-Ittihad na Al-Ahli? Mbona huko mnashangilia mabao? Ni swali la haki, na wanaopiga kelele kuhusu gofu peke yake wanapaswa kulijibu.

Kelele za aina ya pili zilihusu uaminifu, na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Juni 2022 Monahan alisimama mbele ya kamera, akazitaja familia za waliokufa Septemba 11, na kuwauliza wachezaji kama wamewahi hata siku moja kulazimika kuomba radhi kwa kuwa wanachama wa PGA Tour. Waliohamia LIV wakasimamishwa: Phil Mickelson, Dustin Johnson, Bryson DeChambeau, Brooks Koepka. Rory McIlroy akawa msemaji wa waliobaki. Kila wiki anaulizwa, kila wiki anajibu, anawatetea wakubwa wake kuliko wao wenyewe wanavyojitetea. Mwaka mmoja baadaye wakubwa haohao wakapeana mikono na Al-Rumayyan bila kumwambia mchezaji yeyote. McIlroy alipoketi mbele ya waandishi huko Kanada kesho yake, alisema anajiona kama kondoo wa kafara.

Sasa mrudie Fei Toto. Alikuwa na mkataba na Yanga mpaka 2024. Desemba 2022 akaweka kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112, akasema amejinunua. Klabu ikazirudisha, shirikisho la soka, TFF, likasema bado ni mchezaji wa Yanga, na miezi ikapita hachezi. Ikaja ile habari kwamba Yangani alikuwa anakula ugali na sukari, ambayo mpaka leo ukitaka kumuudhi Mwananchi, yaani mtu wa Yanga, unaitaja tu. Mimi kwenye sakata lile nilikuwa upande wa klabu, nasema wazi. Mkataba ni mkataba. Mtu amesaini, analipwa kila mwezi, ana nyumba, ana daktari wa timu; akitaka kuondoka kuna milango ya kupitia.

Mchezaji wa PGA Tour hana hata kimoja kati ya hivyo, na wengi hawalijui hili. Halipwi mshahara. Kisheria ni mtu aliyejiajiri. Tiketi ya ndege juu yake, hoteli juu yake, kocha juu yake, kedi juu yake. Kwenye mashindano ya kawaida anacheza Alhamisi na Ijumaa. Akivuka mchujo anaendelea Jumamosi na Jumapili na kupata fungu lake, asipovuka anarudi nyumbani mikono mitupu na bili anazo. Kabla ya 2023 mwaka mzima uliweza kwenda hivyo. Halafu mtu wa namna hii, siku akitokea tajiri wa kumwekea hela ya uhakika mezani, anaambiwa awe mwaminifu. Kwa nani? Yanga walikuwa na la kumdai Feisal kwa sababu walikuwa wanamlipa. PGA Tour iliwadai watu uaminifu wa mwajiriwa bila kuwa mwajiri.

Na kedi wake je? Huyu hakuna aliyemuuliza chochote. Kwa desturi ya mchezo, kedi hupata kiasi cha asilimia 10 mchezaji wake akishinda, na pungufu ya hapo akimaliza chini. Mchezaji akihama ligi, kedi naye kahama, awe anaipenda Saudia au anaichukia. Katika makala zote nilizosoma kuhusu vita hii, makedi wanaonekana kwenye picha tu, wameshika bendera ya shimo.

Kwa hiyo Jon Rahm alipohama Desemba 2023 sikuwa na neno naye. Huyu Mhispania mwaka 2022 alitangaza hadharani kwamba yeye ni wa PGA Tour. Akabaki. Akashinda Masters ya 2023, moja ya mataji manne makubwa ya gofu. Kisha akaona wakubwa waliomhubiria uaminifu wamekwenda kuzungumza na upande wa pili kwa siri, naye miezi sita baadaye akachukua hela zake. Kama ungekuwa wewe ungefanyaje?

Lakini nisije nikaonekana wakala wa Norman. Kuna jambo la LIV lililonikera tangu siku ya kwanza, na kwa mtu wa Tanga lisipomkera ana matatizo. Hakuna mchujo. Ukianza umekula. Ukishika mkia umekula vilevile.

Sisi tunajua kushuka ni nini. Mwaka 2016 Ligi Kuu ilipomalizika, timu tatu zilishuka daraja: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu za Tanga. Mkoa mzima ulifutwa kwenye ramani ya ligi ndani ya msimu mmoja. Nakumbuka ukimya wa uwanja wetu wa Mkwakwani baada ya hapo, na wazee wa Coastal waliokuwa bado wanasimulia ubingwa wa 1988 wakaanza kuusimulia kwa sauti ya chini. Ilituuma, na hakuna aliyesema kanuni ya kushuka ifutwe. Wagosi wa Coastal walipanda tena 2018 na furaha ya siku ile isingekuwepo kama tungekuwa na kiti cha kudumu. Wana Kimanumanu, African Sports, mpaka leo wanahangaika madaraja ya chini, na wakirudi nitakuwa wa kwanza kulipa kiingilio, ingawa mimi ni Coastal.

Wenye orodha ya viwango vya dunia waliikatalia LIV pointi Oktoba 2023 kwa sababu za ukoo huohuo: ligi imejifungia, nafasi za kuingia ni chache, wengine hawashuki hata wacheze vibaya namna gani. Na huyo Ogletree aliyeshika mkia? Aliondolewa, akaenda kupigania nafasi kwenye mashindano ya Asia, mwaka 2023 akaongoza msimamo wa huko na kurudi LIV kwa miguu yake. Kwangu mimi hadithi yake ni nzuri kuliko ya Schwartzel. Bahati mbaya ligi yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya kuzalisha hadithi za namna hiyo. Novemba 2025 LIV walitangaza kwamba kuanzia 2026 watacheza mashimo 72 kama wengine. Miaka yote walituambia 54 ndiyo mustakabali wa gofu.

Upande wa pili nao usidhani walikaa tu na maadili yao. Januari 2024 PGA Tour walipata wawekezaji, kundi la matajiri wa Marekani wenye timu za michezo, Strategic Sports Group, waliokubali kuweka mpaka dola bilioni 3. Ikaundwa kampuni, na waliobaki waaminifu wakaahidiwa hisa. Hesabu yake ndiyo inayonichekesha. Katika awamu ya kwanza hisa za takriban dola milioni 930 ziligawiwa wachezaji 193. Kati ya hizo, milioni 750 zilikwenda kwa wachezaji 36 wa juu. Waliobaki 157 wakagawana kilichosalia, na hisa zenyewe huwezi kuziuza kesho asubuhi. Kwa maneno mengine, uaminifu ulilipwa kwa ukubwa wa jina. Aliyekuwa na uwezo wa kuhama ndiye aliyelipwa kwa kutohama. Yule ambaye hakuna Msaudia angempigia simu alipata makombo, na yeye ndiye aliyeambiwa kwamba anapigania roho ya mchezo.

Ryder Cup nitaipitia haraka maana ilishasemwa sana. Ni shindano la timu lililoanza 1927 kati ya Wamarekani na Waingereza, baadaye likawa la Wamarekani na Wazungu wa Ulaya, na siku zote wachezaji walicheza kwa heshima tupu. Septemba 2025 pale Bethpage, New York, kila Mmarekani alipewa dola 500,000: 300,000 za kupeleka kwenye hisani anayoitaka, 200,000 zake. Wazungu wakakataa kulipwa. Ulaya wakashinda 15 kwa 13, wakiwa ugenini, huku McIlroy anatukanwa matusi ya nguoni na watu waliolipa dola 750 kwa tiketi ya siku moja. Mimi si mtu wa kushangaa matusi uwanjani, nimekaa Mkwakwani siku Yanga wamekuja. Ila kwenye gofu mpiga mpira husubiri ukimya kabla ya kuzungusha fimbo, na kuna watu walikuwa wanausubiri ukimya huo ndio wapige kelele. Wakubwa wa mchezo walijifanya hawaelewi hasira hizo zimetoka wapi. Umewauzia watu tiketi kwa bei ya pikipiki chakavu, umewafundisha miaka mitatu kwamba gofu ni vita ya sisi na wao, sasa wamekuja vitani.

Kuna mjadala mmoja ambao nadhani utadumu kuliko huu wa LIV, nao ni wa mpira. Sio mchezo, ule mpira wenyewe, kile kidude cheupe. Unakwenda mbali mno. Miili imekuwa ya wanariadha, fimbo zimekuwa za titani, na mpira umeboreshwa mpaka viwanja vya zamani vinaonekana vya watoto. Desemba 2023 watunga sheria wawili, R&A wa Uingereza na USGA wa Marekani, walitangaza kipimo kipya: mashine itaupiga mpira kwa kasi ya maili 125 kwa saa, na mpira usizidi yadi 317, ukiongeza tatu za uvumilivu. Hiyo ni karibu mita 290. Wakataja 2028 kwa wachezaji wa juu na 2030 kwa kila mtu. Watengenezaji wa mipira hawakufurahi, na wachezaji wa ridhaa wanalalamika kwamba wananyang'anywa mita walizozitafuta kwa jasho.

Mimi niko upande wa kuupunguza, na sababu yangu ni ardhi. Augusta National, wenye Masters, mwaka 2017 walinunua kipande cha ardhi kwa klabu jirani, na 2023 wakarudisha nyuma pa kuanzia shimo la 13 kwa yadi 35, likafika 545. Wao wana hela za kumlipa jirani. Gymkhana ya Morogoro itamnunua jirani gani? Ya Dar es Salaam, imebanwa na bahari na maofisi, itakwenda wapi? Katika miji yetu uwanja wa gofu ni ardhi ambayo kila diwani na kila mwekezaji anaiangalia kwa jicho la tamaa, na kila shimo linalorefushwa linataka nyasi, na nyasi zinataka maji. Mpira mfupi kidogo ni bei rahisi kuliko uwanja mrefu zaidi. Hoja hii sijaisikia sana kwa wakubwa wanaobishana, labda kwa sababu hawajawahi kuona klabu inayomwagilia kwa zamu.

Nirudi kwa waliohama. Mwisho wa 2025 Brooks Koepka alitangaza anaondoka LIV, na Januari 2026 PGA Tour wakamfungulia mlango. Huyu si mtu mdogo, ana mataji makubwa matano, la tano akilichukua mwaka 2023 huku akiwa mchezaji wa LIV. Masharti aliyopewa: achangie dola milioni 5 kwenye hisani, na asiguse hisa za wachezaji kwa miaka mitano. Hapo baraza lilipata moto kweli, maana sisi ni watu wa mji unaoitwa wa waja leo waondoka leo, na suala la mtu aliyeondoka akarudi tuna uzoefu nalo kwenye mpira na kwenye ndoa. Muuza kashata alisema adhabu ni kubwa, mtu anarudi kwao unamtozaje. Mjomba alisema ni ndogo, mtu kavuna miaka mitatu na nusu ya mamilioni. Dada mmoja anayeuza maandazi pembeni, ambaye kwa kawaida hatutii maanani, akauliza hiyo hela ya faini kwa nini iende hisani isiende kwa wale waliobaki wakikosa usingizi.

Swali la yule dada ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa huko Marekani, kwa sababu ya kilichotokea mwaka huohuo wa 2026. PGA Tour walipunguza kadi kamili za msimu, yaani haki ya kucheza mwaka mzima, kutoka 125 hadi 100. Nafasi zinazotoka kwenye mzunguko wa chini, Korn Ferry, zikashuka kutoka 30 hadi 20. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wachezaji ni wengi mno, raundi haziishi kabla ya giza, watazamaji wanachoka. Kuhusu kuchelewa hawajadanganya, kuna watu wanapanga shuti la mita mbili kana kwamba wanapima kiwanja cha urithi. Lakini wanaobeba gharama ya kuharakisha ni kina nani? Ni wa nambari 101 mpaka 125, ambao sasa wana nafasi za masharti: mtu akijitoa, wanaitwa.

Msimu ukiisha nitaitafuta orodha hiyo. Nataka kuona wangapi kati yao walikuwepo Juni 2022, wakati Monahan anauliza swali lake mbele ya kamera, na wakabaki. Mjomba ameshasema niilete barazani, ila nisiilete siku ya mechi ya Coastal.